Bertha wa Kidatu: shajara ya kuunda injini ya miwa kwa kipimo cha 1:10

18 Januari 2025: Kwa nini Bertha

Kazi yenyewe ni hii: kuunda mfano wa chuma wa injini ya mvuke iliyovuta miwa Louisiana, Marekani, kuanzia mwaka 1894. Kipimo ni moja kwa kumi, na mfano utatembea wenyewe kwa betri. Naandika kila hatua inapoisha ili fundi mwenye mashine ya kuchomelea, grainda na jiliwa aweze kuiga bila kuingia hasara nilizoingia mimi. Mambo ya kawaida ya gereji nitayapita haraka. Pale kazi ilipogoma nitakaa kidogo.

Hapa Kidatu tunaishi katikati ya miwa na katikati ya reli mbili zisizopatana. Reli ya kutoka Kilosa, iliyofika mwaka 1965, ina upana wa milimita 1,000. Ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ina 1,067. Tofauti ni milimita 67 tu, urefu wa kidole cha kati hivi, lakini kwa hizo 67 mzigo hushushwa behewa moja na kupandishwa lingine. Kwa hiyo vijana wa hapa hawahitaji kuelezwa sana kwamba upana wa reli ndio unaoamua injini itakwenda wapi na haitakwenda wapi.

Bertha ni injini ya reli ya milimita 914, yaani futi 3. Ilijengwa Philadelphia na kiwanda cha Baldwin, walewale ambao mwaka 1899 na 1900 waliiuzia Reli ya Uganda injini za kuanzia Mombasa kwenda bara. Mnunuzi wa Bertha alikuwa kampuni ya sukari ya Godchaux, mji wa Reserve, kando ya mto Mississippi. Mwenye mali, Leon Godchaux, alikuwa mhamiaji kutoka Lorraine, Ufaransa, aliyeanza maisha kwa kutembeza bidhaa mashambani mgongoni na akaishia kuitwa mfalme wa sukari wa Louisiana.

Nimeichagua hii na si nyingine kwa sababu bado inafanya kazi. Haijasimamishwa juu ya zege na kuzungushiwa uzio. Bado inavuta abiria California, kwenye bustani ya burudani ya Disneyland, ikiwa na jina jingine: Fred Gurley, namba 3. Nitaeleza ilifikaje huko nikifika kwenye boila, maana hapo ndipo historia inapoingiliana na kazi.

1 Februari 2025: Vipimo kutoka kwenye picha

Michoro ya kiwandani sina. Nina picha, na kipimo kimoja cha uhakika, yaani 914. Kwa 1:10 hiyo ni milimita 91.4, na kila kitu kingine lazima kitoke hapo.

Tatizo ni kwamba upana wa reli unaonekana kwenye picha iliyopigwa kutoka mbele, wakati urefu wa injini unaonekana kwenye picha ya ubavuni. Lazima upate kitu kinachoonekana kwenye picha zote mbili ili kiwe daraja. Mara ya kwanza nilitumia kimo cha boriti ya mbele kutoka juu ya reli. Ni kimo kifupi, na kosa la nusu milimita kwenye karatasi likawa kosa kubwa ubavuni: tangi la nyuma lilitoka fupi kiasi kwamba kibanda cha dereva kilionekana kama kimeketi juu ya magurudumu yasiyo yake.

Iliyofanya kazi ni kutumia kimo cha bomba la moshi kutoka juu ya reli hadi mdomoni. Ni kimo kirefu, kwa hiyo kosa dogo la rula halileti madhara. Lakini angalia, kwenye picha ya mbele boriti iko karibu na kamera kuliko bomba la moshi, na kitu kilicho karibu huonekana kikubwa. Kwa hiyo usipime upana wa reli pale chini ya boriti halafu ukaulinganisha na bomba lililo nyuma yake. Tafuta picha iliyopigwa kwa mbali na kuvutwa kwa lenzi. Hapo tofauti hiyo inapungua sana. Picha iliyopigwa kwa simu mtu akiwa hatua mbili kutoka kwenye injini haifai kitu, hata iwe nzuri vipi.

Chapisha picha ya ubavuni kwa ukubwa halisi wa mfano, iunganishe karatasi kwa karatasi, ibandike kwenye ubao. Kuanzia hapo unapima moja kwa moja kwa kalipa na kusahau hesabu.

22 Februari 2025: Magurudumu na chesisi

Mpangilio ni magurudumu 2 madogo mbele, 4 makubwa yanayovuta, na 4 madogo nyuma chini ya tangi. Jumla 10, mihimili 5. Magurudumu yalikerezwa na fundi mwenye mashine, kila moja shilingi 7,000, kutoka kwenye vipande vya shafti chakavu. Mawili yalirudishwa kwa sababu ukingo wa ndani ulikuwa mnene mno na ungebana kwenye kona. Tulielewana, lakini kukereza upya nililipa. Ukienda kwa mkereza, peleka gurudumu moja la mbao kama kiolezo, usipeleke maneno.

Chesisi ni flati baa mbili za milimita 6, zikitenganishwa na vipande vya chuma vya mraba. Kuna jambo moja tu la kushika hapa, nalo ni muhimu kuliko yote: flati baa zote mbili za chesisi na fito zote mbili za kuunganisha magurudumu makubwa zibanwe pamoja kwenye jiliwa, zitobolewe kwa pamoja, kwa drili moja. Hata ukikosea umbali wa kati ya mihimili kwa milimita nzima, utakuwa umekosea sawasawa kila mahali, na mashine haitajua. Ukizitoboa mbalimbali, hata kwa uangalifu, zitatofautiana.

Mimi fito niliziacha nikazitoboa baadaye. Zilikwenda kwenye skrepa.

8 Machi 2025: Robo mzunguko

Hapa ndipo kazi ilipokwama kweli, na naona ndipo wengi wanaoiga mifano ya injini za mvuke wanapokatia tamaa.

Kwenye injini ya silinda mbili, pini ya fito, yaani kijiti kwenye gurudumu kinachoshika fito, upande wa kushoto haiko sambamba na ya kulia. Zimepishana robo ya mzunguko, digrii 90. Sababu ni hii: pistoni ikifika mwisho kabisa wa silinda, mbele au nyuma, mvuke unaisukuma lakini gurudumu halizunguki, maana fito na kitovu viko kwenye mstari mmoja. Ukiwa na pini zote mbili sambamba, injini ikisimama vibaya haiondoki mpaka isukumwe. Zikipishana robo, upande mmoja ukiwa umekufa mwingine uko kwenye nguvu yake kamili. Kwenye shamba la miwa ambako injini inasimama na kuondoka kila mita mia, hilo si jambo la mapambo.

Kwa mfano wangu unaoendeshwa na mota, silinda ni za kuonyesha tu. Ningeweza kuweka pini sambamba na hakuna abiria angejua. Ila mtu anayeelewa injini angeona mara moja, na vijana wangejifunza uongo.

Nikafunga magurudumu kwa macho, kwa pembe mraba ya seremala. Mhimili wa kwanza ulikuwa sawa. Wa pili ulikuwa sawa. Nilipovisha fito, mashine ilizunguka nusu, ikabana. Nikapanua matundu ya fito kidogo kwa tupa: ikazunguka ikigonga. Nikapanua zaidi: ikazunguka vizuri kwenda mbele, kurudi nyuma ikabana tena. Kupanua matundu ni kuficha ugonjwa. Fito hizo nazo zilikwenda skrepa, na chuma chake.

Dawa ni hii. Digrii 90 kamili si lazima. Inaweza kuwa 88, inaweza kuwa 91. Kilicho lazima ni kwamba mihimili yote miwili iwe na pembe ileile. Nilichomelea kiolezo: kipande cha chanel chenye mikato miwili ya V ya kulaza mhimili, na vidole viwili vya chuma, kimoja kikizuia pini ya kushoto ikiwa imesimama juu, kingine kikizuia ya kulia ikiwa imelala mbele. Mhimili wa kwanza unaingia, unabana skrubu za magurudumu, unatoa. Wa pili unaingia palepale. Kiolezo chenyewe kilitoka karibu digrii 89 nilipokipima baadaye, na haijaleta shida yoyote. Fito mpya, matundu ya kipimo cha pini bila kupanuliwa, mashine ikazunguka kwa kidole kimoja, mbele na nyuma.

Usichomelee gurudumu kwenye mhimili hadi utakapomaliza kila kitu. Skrubu ya kubana inatosha kwa majaribio.

29 Machi 2025: Mota na fyuzi

Mota ni ya waipa ya gari dogo, used, shilingi 35,000. Ina gia ndani, kwa hiyo inazunguka polepole na ina nguvu. Nimeiunganisha na mhimili wa nyuma wa magurudumu makubwa kwa mnyororo wa baiskeli, sproketi mbili zinazolingana. Mwendo wake unatoka kama mtu anayetembea bila haraka, na kwa 1:10 hiyo ndiyo kasi ya treni ya miwa iliyojaa. Wanaotaka mbio waende kwenye magari ya rimoti.

Mota ya waipa ina nyaya kadhaa. Tafuta ya mwendo wa chini kwa taa ya majaribio. Ile ya kuegesha waipa isikupotezee muda, ikate uifunge tepu.

Shida ilikuja kwenye kurudi nyuma. Mota nyingi za aina hii hasi yake hupita kwenye kasha lenyewe. Nilikuwa nimetumia chesisi kama waya wa kurudishia umeme, kama gari lilivyo. Kwenda mbele, safi. Nilipogeuza swichi ili chanya na hasi vibadilishane, kasha likawa chanya, chesisi ilikuwa hasi ya betri, fyuzi ya ampea 10 ikalipuka. Bila fyuzi ingekuwa waya, au betri.

Nikaikalisha mota kwenye mpira wa tyubu ya baiskeli na kuifunga kwa vipande vya nailoni. Fyuzi ikalipuka tena. Mnyororo! Kasha limeguswa na shafti ya mota, shafti ina sproketi, sproketi ina mnyororo, na mnyororo umeshika mhimili ulio ndani ya chesisi. Umeme haukuhitaji bolti.

Suluhisho ni kuacha kabisa kutumia chesisi. Nyaya mbili, kwenda na kurudi, kutoka betri hadi swichi hadi mota, na chesisi isiunganishwe na kitu chochote. Raba ya tyubu nimeiacha kwa sababu inapunguza kelele.

19 Aprili 2025: Uzito, na bwana Forney

Betri ya 12V ya ampea-saa 7 imekaa ndani ya tangi la nyuma. Ilionekana ni mahali palipoumbwa kwa ajili yake: nafasi ipo, mfuniko upo, nyaya hazionekani. Mashine ikiwa peke yake ilitembea. Nilipoifungia kitoroli chenye matofali mawili, magurudumu makubwa yakaanza kuzunguka palepale kama ya gari lililonasa kwenye tope.

Sababu ilikuwa ndani ya historia ya injini yenyewe. Bertha ni injini ya aina ya Forney, kwa jina la Matthias Forney, mhandisi Mmarekani aliyeipatia hataza miaka ya 1860. Injini nyingine ndogo zilibeba maji kwenye matangi ya ubavuni, juu ya magurudumu yanayovuta. Maji yakijaa, injini ni nzito na inashika reli. Yakipungua, inakuwa nyepesi na inateleza wakati bado ina kazi. Forney akaliondoa tangi, akaliweka nyuma ya kibanda, juu ya bogi yake yenyewe, yaani kigari kidogo cha magurudumu kinachojipinda peke yake. Magurudumu yanayovuta yakabaki na uzito wa boila na silinda tu, ambao haubadiliki kuanzia asubuhi hadi jioni. Injini fupi, inayopinda kwenye kona kali, na inayokwenda nyuma vizuri kama mbele. Reli za juu kwa juu za New York zilizitumia kwa wingi kabla ya umeme. Kwa mashamba ya miwa, ambako hakuna nafasi ya kugeuza injini kila mwisho wa tuta, ilikuwa ndiyo yenyewe.

Kwa hiyo mimi nilikuwa nimeweka uzito wangu mkubwa kuliko wote pale ambapo Forney aliweka kitu ambacho hakutaka kisaidie kuvuta. Betri kuihamishia mbele haikuwezekana, haiingii kwenye boila. Dawa ikawa kuijaza boila: vipande vya risasi vya kubalansia tairi, vilivyookotwa kwenye maduka ya matairi, vimepangwa ndani ya bomba na kumwagiwa mchanga na saruji kidogo ili visicheze, vyote juu ya magurudumu makubwa. Risasi usiiyeyushe, moshi wake ni sumu, na kupanga tu kunatosha. Nawa mikono kabla ya kula.

Kitoroli na matofali mawili sasa kinavutwa bila kelele. Cha matofali manne kinavutwa pia, ila kwenye kona naona mhimili wa mbele unataka kuinuka.

10 Mei 2025: Boila, kibanda, na jinsi Bertha ilivyopona

Bomba la boila ni kipande cha skrepa, kibanda ni shiti ya 1.2 iliyokatwa kwa kiolezo cha karatasi, ribiti ni vichwa vya skrubu vilivyokatwa na kulehemiwa. Hakuna cha kusimulia. Kazi ilikwenda kama inavyokwenda, basi nitumie nafasi hii kwa hadithi niliyoahidi.

Kwanza, kwa nini injini ya 1894 ilikuwa bado haijaoza zaidi ya miaka 60 baadaye? Jibu moja liko kwenye kalenda ya miwa. Louisiana si kwetu. Kule jalidi huja mwisho wa mwaka na kuua miwa, kwa hiyo kuvuna na kusaga hubanwa kati ya Oktoba na karibu mwaka mpya. Muwa ukikatwa lazima usagwe haraka kabla sukari haijaanza kuharibika, ndiyo maana kampuni zilijenga reli hadi ndani ya shamba. Lakini baada ya msimu reli hiyo ilikuwa kimya. Injini ya shamba ilifanya kazi robo ya mwaka na kupumzika robo tatu. Hapa Kilombero, ambako msimu ni mrefu zaidi ya mara mbili ya huo, ingechakaa upesi.

Tusiipambe sana. Mwaka 1887, miaka 7 kabla ya Bertha kuwashwa, wakata miwa wa Louisiana, wengi wao Weusi, waligoma wakidai ujira bora na kulipwa kwa fedha badala ya vyeti vilivyotumika dukani kwa mwajiri tu. Mgomo uliisha Novemba mwaka ule kwa mauaji ya mji wa Thibodaux. Makadirio ya chini ni watu 30. Miwa iliyobebwa na injini hizi ilikatwa na watu wa mazingira hayo. Na mwaka uleule wa 1894 alifariki Paris Norbert Rillieux, mwana wa mwanamke huru Mweusi wa New Orleans, aliyesajili hataza ya kuchemsha maji ya miwa kwa mvuke unaotumika tena na tena kutoka chungu hadi chungu. Karibu kila kiwanda cha sukari duniani kinatumia kanuni yake, hiki cha kwetu kikiwemo. Kama kuna sanamu ya kujengwa kwenye mji wa sukari, ni ya huyu, si ya injini.

Sasa upana wa reli. Disneyland ilifunguliwa Julai 1955 ikiwa na injini mbili ambazo karakana ya studio ya Disney ilizijenga upya kutoka mwanzo, kwa umbo lililopunguzwa hadi sehemu tano kati ya nane za injini ya kawaida, juu ya reli ya milimita 914. Abiria walikuwa wengi kuliko injini. Kujenga ya tatu kungegharimu sana, na Roger Broggie, fundi mkuu wa karakana ile, akaenda njia nyingine: kutafuta injini kuukuu ya upana huohuo. Mwaka 1957 wakaipata Bertha. Ilikuwa ndogo, kwa hiyo haikuonekana jitu kando ya zile mbili za kupunguzwa. Ilikuwa ya 914, kwa hiyo mihimili haikuguswa. Iliwekewa boila jipya na kibanda kipya cha mbao, ikageuzwa itumie mafuta, kwa jumla ya zaidi ya dola 35,000. Ilianza kazi tarehe 28 Machi 1958, siku 3 kabla ya kufunguliwa kwa handaki la maonyesho ya Grand Canyon kwenye njia ileile.

Dada yake anathibitisha jambo hili. Baldwin waliiuzia Godchaux injini nyingine ya Forney mwaka 1902. Hiyo ilifika kwenye bustani ya michezo ya Cedar Point, Ohio, ambako reli nayo ni ya 914, ikijulikana kama Maud L. Mwaka 1999 Disneyland waliibadilisha na injini yao nyingine, na tangu 2005 inafanya kazi California kwa jina la Ward Kimball. Injini mbili za kiwanda kimoja cha sukari zimekutana tena baada ya safari ya bara zima, na hakuna iliyobadilishwa upana wa magurudumu. Injini za miwa za reli za 600 au 762 za wakati uleule ziliishia kwenye tanuri za kuyeyusha chuma, nyingi mno.

Kwa hiyo boila unaloliona leo si la 1894, kibanda si cha 1894, na moto wake tangu 2009 unatokana na mafuta ya kupikia yaliyokwisha kukaangia, yaliyogeuzwa kuwa dizeli. Wako wanaosema basi hiyo si Bertha. Mimi nasema magari yetu yote humu barabarani yasingekuwa magari yetu kwa hesabu hiyo.

31 Mei 2025: Rangi na jina

Praima, puti, msasa, praima tena, halafu nyeusi isiyong'aa. Upepo wa mchana uliweka vumbi la mkaa wa miwa iliyochomwa kwenye koti la kwanza, ikabidi kusugua upya. Wanaoishi kwenye mji wa miwa wapulize rangi alfajiri.

Jina lilileta mabishano gerejini. Fred Gurley alikuwa mkubwa wa shirika la reli la Santa Fe, lililodhamini treni ya Disneyland. Aliheshimiwa kwa kubandikwa jina lake kwenye injini, ilhali injini ilikuwa na jina tayari. Vijana walitaka Fred Gurley kwa sababu ndilo linalopatikana ukitafuta video. Mzee mmoja, fundi mstaafu wa kiwandani, akasema injini ya miwa iitwe jina la shambani.

Tumekata vibao viwili vya shaba kutoka kwenye bomba la friji lililopasuliwa na kunyooshwa. Ubavu wa kushoto Bertha, wa kulia Fred Gurley. Ukitaka kujua ipi unaiona, inategemea umesimama wapi.

28 Juni 2025: Kona

Reli ni nondo ya mraba ya milimita 8, mataruma ni flati baa, kila taruma limekatwa kwa kiolezo cha mbao cha 91.5. Mduara una nusu kipenyo cha mita 2.5. Nilianza na mita 2 na ilikuwa ubishi.

Magurudumu ya mbele yaliacha reli. Bogi ndogo ya mbele ilikuwa inazunguka kwenye bolti moja tu, bila kitu cha kuisukuma chini, na ile hali niliyoiona Aprili ya mhimili kuinuka ilikuja kuonyesha meno. Springi ya breki ya pikipiki iliyowekwa juu yake imemaliza tatizo. Ikaze kidogo tu, maana ukiibana sana inaondoa uzito kwenye magurudumu yanayovuta na kuteleza kunarudi. Pia gurudumu la mbele upande wa ndani wa kona lilikuwa linagusa silinda. Acha milimita 5 pale, si 2 kama picha inavyokudanganya. Injini halisi ina kona pana kuliko ya uani kwako.

Bogi ya nyuma haikunisumbua hata mara moja. Forney alijua kazi yake.

5 Julai 2025: Gharama

Kwa shilingi za Tanzania, bila kuhesabu umeme na mikono: shiti na flati baa za mwili na chesisi 58,000, kukereza magurudumu 10, 70,000, shafti 9,000, mota 35,000, betri 48,000, mnyororo na sproketi 14,000, bomba la boila 6,000, reli na mataruma 62,000, rangi na vikorokoro vyake 31,000, swichi, fyuzi na waya 12,000, bolti, nati na springi 15,000. Hiyo ni 360,000. Ongeza 14,000 za magurudumu yaliyokerezwa mara ya pili na 8,000 za chuma cha fito zilizotupwa: 382,000. Risasi, tyubu na bomba la friji vilipatikana bure.

Anayetaka kupunguza aanzie kwenye reli. Mduara ni wa kufurahisha watoto, lakini kipande kilichonyooka cha mita 4 kinatosha kabisa kuona fito zikipishana robo. Asipunguze kwenye fyuzi.

Kiolezo cha magurudumu kipo gerejini, kimetundikwa ukutani nyuma ya mlango. Anayepita Kidatu na akakihitaji akichukue, akirudishe.